Likikauka Tutakwenda

Mimi nafundisha kemia. Nalisema mapema ili aibu yangu ieleweke vizuri. Miaka mingi nimesimama mbele ya watoto wa watu hapa Issenye nikiwaeleza mafuta ni kitu gani, kwa nini rangi hii hukauka na ile haikauki, na asiyeelewa nimemwita mvivu. Kisha likizo moja ya Juni sanduku la mama yangu likanifanya mjinga kwa wiki tatu nzima, mbele ya kuku na mbuzi wake.

Sanduku ni la mtarakwa. Mjomba wake mama alikuwa akipasua mbao upande wa Kenya, na mama alipoolewa mjomba akamtengenezea, likaletwa kijijini kwetu Gorong'a limefungwa juu ya baiskeli. Mtarakwa ni mti mwekundu wenye harufu kali. Nondo hawagusi nguo zilizolala humo, mchwa wanaupita mbali. Harufu hiyo ni mafuta ya mti wenyewe, na hata ukishakuwa ubao unaendelea kuyatoa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikijificha humo ndugu zangu wakinitafuta, na nikitoka nilinuka mtarakwa hadi kesho yake.

Lakini kwa nje halikuwa jekundu tena. Lilikuwa limekaa karibu na jiko la kuni tangu kabla sijazaliwa, na juu ya moshi mama alikuwa amelipaka samli. Mama hupaka samli kila kitu anachokipenda. Mpini wa jembe, kigoda, visigino vyake, utosi wa kila mjukuu aliyewahi kuletwa. Sanduku lilikuwa limevaa koti jeusi la moshi na samli kiasi kwamba ukiegemea na gauni jeupe, umekwisha.

Sasa niseme kilichonipeleka kwenye sanduku. Wakati wa Pasaka mama alianguka. Alikuwa anatoka kisimani na ndoo, mguu ukateleza kwenye udongo, akalala pale tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Mbuzi ambao hawakufunguliwa walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Nyonga haikuvunjika, ila tangu hapo anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Ndugu zangu wawili wa kiume, mmoja yuko mgodini, mwingine anafanya biashara ng'ambo ya mpaka na hupiga simu akitaka kupiga. Nikabaki mimi. Nina nyumba yangu Issenye, sakafu ya simenti, bomba uani, choo ndani, na sina mume ambaye mama angelazimika kumwonea haya kama mkwe. Nikamwambia, mama, njoo ukae kwangu.

Alikataa mara tatu. Kwetu mama huzeekea kwa mwanawe wa kiume. Kuzeekea kwa binti si jambo ambalo mtu hulitangaza sokoni, kwa maana watu watasema wana hakuzaa, au amezaa wana wasiofaa. Mara ya nne nilipiga magoti, kweli kabisa, goti kwenye udongo, mimi mwalimu wa kidato cha nne.

Mama na mimi huongea Kikurya, kwa hiyo maneno yake hapa nayatafsiri, na najua akisikia atasema nimeyaharibu. Alisema, "Siwezi kuingia nyumba ya simenti na sanduku hili chafu. Watasema mwalimu ameokota mama jalalani."

"Nitalisafisha, mama. Nitalipaka vanishi ling'ae."

"Hiyo vanishi inakauka?"

"Siku mbili."

"Basi likikauka tutakwenda."

Mama si mtu wa maneno mawili. Akisema neno, limesemwa, hata kama limemgeuka yeye mwenyewe. Nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo nikiwa naimba.

Sirari nilipata duka la rangi ambalo mwenyewe alikuwa na ulimi wa kule ng'ambo. "Madam, hii ukipaka ni ya maisha, bana," aliniambia akigonga kopo kwa pete. "Hata mtoto amwage chai moto, haisikii. Maji haiingii, mafuta haiingii, hakuna kitu inaingia." Nikanunua kopo la vanishi, thina ya kuyeyushia rangi, msasa wa aina tatu na brashi mbili. Nilibeba vile vitu mapajani njia nzima.

Siku ya kwanza nililiosha sanduku kwa sabuni ya unga na maji ya moto, uani, hadi maji yaliyotiririka yakawa ya rangi ya chai. Siku ya pili nikalikwangua kwa msasa. Ile kazi inauma mabega. Lakini ubao mwekundu ulipoanza kuchungulia chini ya weusi, na harufu ikapanda ghafla ikajaa uwanja mzima, nilimwita mama atoke aone. Alitoka taratibu, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Umelichuna ngozi," akasema, akarudi jikoni.

Jioni nikaliingiza ndani, nikalisukuma ukutani mahali pake, lipumzike usiku kucha. Kesho yake nikalitoa, nikalifuta vumbi, nikapaka vanishi pande zote. Liling'aa ungedhani limelowa. Nikajisifu hata kwa mbuzi.

Siku mbili zikapita, halikukauka. Nikiweka kidole kwenye kifuniko, kidole kinabaki na alama yake. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Siku ya tano nzi wawili walinasa wakafia hapo, na unyoya wa kuku. Kila asubuhi mama aliuliza kwa sauti ya upole iliyonichoma, "Mwalimu, limekauka?" Yeye huniita mwalimu akitaka kunitania, na wiki ile alinitania sana.

Nikalikwangua upya. Ukitaka kumjua mtu mwenye hasira, mtazame akikwangua vanishi mbichi. Haitoki unga, inatoka nta, inaziba msasa, inajiviringa vipande vipande kama uchafu wa shingo. Nilimaliza karatasi zote za msasa na kucha zangu mbili. Nikarudi Sirari kununua nyingine na kumgombeza mwenye duka. Naye akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nilikoroga kopo kabla ya kupaka. Kukoroga! Mimi!

Kulikuwa na fundi seremala hapo kijijini, mzee wa makamo mwenye karakana ya mabati karibu na mashine ya kusaga. Nilimwendea kwa shingo upande, maana nilikuwa nimeapa kufanya kazi hii kwa mikono yangu. Akasikiliza, akanusa kipande cha msasa wangu, akacheka.

"Mwalimu, huu mti una jasho," akasema. "Unamvalisha mtu koti la mvua huku anatoka jasho. Koti litakauka saa ngapi? Kwanza mfute jasho kwa thina, ubao wote, na thina ikipaa tu, paka shelaki. Shelaki inakaa katikati, inazuia jasho lisipande. Vanishi juu yake."

Nilijua hayo. Ndiyo yaliyoniuma. Mafuta ya mtarakwa yanazuia vanishi isishike hewa na kuwa ngumu. Ningeweza kuyaandika ubaoni bila kuangalia kitabu. Mkono wangu tu ndio haukuwa umesoma. Fundi akanipa vipande vya shelaki kwenye gazeti na chupa ya spiriti ya kuviyeyusha, nikaondoka bila kumshukuru vizuri.

Nikamalizia kukwangua hiyo mara ya pili hadi ubao mtupu. Jioni ilikuwa imefika, nikaliingiza ndani, nikalisukuma ukutani. Asubuhi nikalifuta kwa thina, harakaharaka kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja, nikapaka shelaki, halafu vanishi. Niliomba. Sikuwahi kumwombea mwanafunzi yeyote kama nilivyoliombea lile sanduku.

Halikukauka. Shelaki yenyewe ilikataa kushika, ikakusanyika matone matone juu ya kifuniko kama maji kwenye jani la mgomba, na vanishi juu yake ikawa na mikunjo. Nilitupa brashi. Ilimpiga jogoo. Mama akaokota brashi, akaifuta kwa kanga, akaiweka juu ya ukuta mahali salama.

Niliwaza mengi mabaya juu ya ule mti. Niliwaza kwamba una roho mbaya. Nilimwaza mjomba wa mama, marehemu, mtu ambaye sikumkosea lolote, nikamlaumu kwa nini hakuchagua mninga kama watu wengine. Likizo ilikuwa inayoyoma. Nilianza kumwona mama akianguka kila alipoinuka. Akitoka na ndoo namkimbilia, namnyang'anya, naye anachukia, tunagombana, halafu narudi kugombana na sanduku. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Siku moja nililia, nikiwa nimekaa chini na msasa mkononi, kwa ajili ya kitu cha kuwekea vitenge.

Basi nikaamua kukwangua mara ya tatu. Nilipolivuta kutoka ukutani ili nilitoe nje, vidole vyangu vikapita mgongoni mwake, ubao wa nyuma, ule unaotazama ukuta. Palikuwa pagumu. Pamenyooka, pakavu, panateleza kama sahani. Nikagonga kwa ukucha, pakalia. Nikaligeuza kwenye mwanga. Mgongo wote uling'aa, wekundu wa mtarakwa ukionekana chini kabisa, mzuri kuliko nilivyowahi kuota. Kifuniko, uso na ubavu wote ulikuwa ule uji uji.

Ubao ule ule, kopo lile lile, mkono ule ule. Watoto wangu wa kidato cha pili wangeniambia: mwalimu, kama vyote vipo sawa na majibu ni tofauti, tafuta kitu kimoja ambacho hakiko sawa. Nikatafuta. Mgongo una nini ambacho uso hauna? Hauna kitu. Umegeukia ukuta tu, mkono wa mtu haufiki.

Nikainama nikanusa kifuniko. Pale kati ya thina na mtarakwa kulikuwa na harufu nyingine ambayo nilikuwa naivuta tangu siku ya kwanza bila kuisikia, kwa sababu nyumba nzima ya mama inanuka hivyo, na mama mwenyewe, na utoto wangu wote. Samli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nikakwangua siku nzima hadi ubao mtupu, jioni nikalirudisha ukutani, nikalala kando yake. Asubuhi nikamwambia mama naenda Sirari, nikatembea hadi kwenye kona ya mkonge, nikahesabu mia mbili, nikarudi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku, mlango wazi, jua linaingia. Kopo la samli lilikuwa mapajani. Alichota kwa vidole viwili, akapaka kifuniko kwa kiganja, polepole, akifuata mishipa ya ubao, kisha pembeni, kisha kwenye bawaba, kama anavyompaka mtoto aliyetoka kuogeshwa, asisahau nyuma ya masikio. Ubao ulikuwa unainywa. Ulikuwa mkavu kwa msasa wangu, na kila alipopitisha mkono, samli iliingia ndani ikatulia.

Akaniona. Mkono haukusimama.

"Umerudi mapema," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Umelikausha kama mfupa. Nalilisha."

"Kila nikilikwangua unalilisha?"

"Wewe ukiona kitu kina njaa unakiacha?"

Nilihisi damu inapanda hadi kwenye nywele. Wiki tatu! Mabega yangu, kucha zangu, safari za bodaboda, mwenye duka niliyemtukana bure, marehemu niliyemlaumu kaburini. Nikamuuliza kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpandishia mama yake, "Mama, hutaki kwenda?"

Akafunika kopo. Alilifunika kwa uangalifu, akazungusha kifuniko hadi kikakaza.

"Nilisema likikauka tutakwenda," akasema. "Limekauka?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheza na mimi au kweli alilihurumia sanduku. Nadhani hata yeye hakuwa anajua. Lakini siku ile sikutaka kujua. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja mtu hasikilizi. Nilimwita kijana wa bodaboda, tukalifunga sanduku nyuma ya pikipiki yake, nikalipeleka kwa fundi. Mama alisimama mlangoni. Hakuuliza linakwenda wapi.

Kwa fundi kazi ilikuwa ndogo. Tulilifuta kwa thina mara nne, kila mara na kitambaa kipya, hadi kitambaa kikatoka bila unjano. Shelaki ikashika mara moja, nyembamba, ikawa kavu kabla hatujamaliza chai. Kesho yake vanishi ya kwanza, keshokutwa ya pili. Ndani hatukugusa. Fundi alisema ukipaka ndani ya mtarakwa, nguo zitanasa na harufu itakufa. Siku ya nne alimwaga maji juu ya kifuniko, yakasimama matone, akayapangusa kwa mkono, pakawa kama hapajawahi kuguswa.

"Sasa hata jasho lake haliwezi kutoka," akasema kwa fahari.

Niliporudi nalo mama alikuwa anakamua ng'ombe wake. Alimaliza kukamua, akanawa, akaja. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakipitisha kutoka mwisho hadi mwisho, akakigeuza kiganja akakitazama. Hakikuwa na kitu.

"Limekauka," akasema.

Akaingia ndani kufunga vitu vyake. Hakubisha, hakuomba siku moja zaidi. Jioni ile aliwaaga majirani, nyumba kwa nyumba, akiegemea upande wake, na kila aliyemsalimu shikamoo alimwitikia, akamwambia anakwenda kwa mwalimu. Ng'ombe akampa jirani yule aliyemkuta siku ya kuanguka. Alimshika yule ng'ombe sikio kwa muda, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Mimi nilikuwa na shughuli ya kulifunika sanduku kwa blanketi lisikwaruzike njiani.

Sasa yuko kwangu, na sanduku liko sebuleni chini ya dirisha. Kila mgeni hulisifia. Wanafunzi wakileta madaftari hujitazama nyuso zao kwenye kifuniko. Mama hajaanguka tena. Maji yako bombani, sakafu imenyooka, na nikiwa darasani sihesabu tena saa. Nilichokitaka nimekipata, na kama ningerudi nyuma ningelipeleka tena kwa fundi, hilo sifichi.

Samli tunanunua mnadani, haifanani na yake. Wiki ya kwanza alichukua kopo, akavuta kigoda hadi dirishani, akachota kwa vidole viwili. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani nikamwacha. Akapaka. Samli ikakaa juu ya vanishi, nyeupe, ikateleza mbele ya kiganja, ikarudi nyuma yake. Akapaka kwa nguvu kidogo, kisha kwa upole. Akasubiri, kama mtu anayemsubiri mtoto ameze.

"Halinywi," akasema.

Nikamwambia ndivyo vanishi ilivyo, mama, hakuna kitu kinaingia, litakaa hivi miaka na miaka.

"Naona," akasema. "Umelitengeneza vizuri."

Akaikusanya samli yote kwa ukingo wa kiganja, asipoteze hata tone, akatazama huku na huku amalizie wapi. Mwishowe akajipaka mwenyewe, magotini, visiginoni, na iliyobaki akairudisha kwenye kopo.